Maziwa ya Kwanza ya Deodata

Asubuhi ile nilikuwa namenya ndizi jikoni, mama akajifungua chumbani. Mtoto wa kike, Deodata. Bibi akanituma maji ya uvuguvugu na sukari.

Maziwa ya kwanza ya mama yalikuwa mazito, ya njano. Bibi alisema ni machafu. Yakamuliwe kwenye jani la mgomba, yatupwe, na mtoto anywe maji ya sukari mpaka maziwa meupe yaje. Mdogo wangu Pancras alifanyiwa hivyo hivyo. Aliharisha, hakumaliza wiki mbili. Mama alimtazama mtoto.

Uwimana alikuwa anapalilia maharage yetu. Alikuwa mkimbizi kutoka Rwanda, akikaa kambini. Kwao alikuwa mkunga. Nikakimbia kumwita. Alinawa mikono kwa sabuni, akaingia.

"Shikamoo bibi. Naomba usiyatupe. Mwili wa mama umeshatengeneza kinga ya magonjwa, umeiweka humo. Maji yatamletea kuhara."

"Marahaba. Wewe rudi kwenye maharage. Nimelea watoto saba bila wewe."

Mimi mbele ya wakubwa huwa siongei. Hata darasani jibu nalijua, nainamisha kichwa. Lakini nilimkumbuka Pancras.

"Bibi," nikasema, "ng'ombe akizaa unatukataza kukamua. Unasema ndama asipopata dang'a, yale maziwa ya kwanza, anakufa."

Bibi aligeuka, jani mkononi. Baba alikuwa mlangoni, akamtazama bibi, akacheka kidogo.

"Mama, hapo amekukamata."

"Kumbe huyu ana mdomo," bibi akasema. Akaweka jani chini, akampa mama mtoto.

Uwimana alimwonyesha mama namna ya kumshika, mdomo wa mtoto ufunguke vizuri. Akasema miezi sita ziwa tu, hata maji asipewe. Na chanjo apelekwe, kwa sababu kinga ya maziwa haizuii kila ugonjwa.

Deodata hakuharisha. Chanjo alimaliza zote.

Desemba ya 1996 wakimbizi walirudi Rwanda. Uwimana alipita barabarani na mzigo kichwani, hatukuagana vizuri. Nikamwandikia barua, nikampa dereva wa lori anayevuka mpaka wa Rusumo:

"Dada Uwimana, Deodata anatembea. Shangazi Zita amejifungua. Bibi mwenyewe amekataza jani lisikatwe. Anakusalimu sana."

Sasa ni mwezi wa nne tangu niitume. Kila siku ya soko bibi ananiuliza kama jibu limekuja. Namwambia bado.