Kofi Lililowasha Kompyuta

Wenzangu wenye nyumba, sogeeni niwasimulie nyumba moja iliyokuwa na raha zake.

Asubuhi ile chai ilikuwa mezani, dirisha wazi, na mke amevaa hedifoni, anasafisha sauti za masomo ya redio. Ndiyo kazi yake. Mwalimu akikohoa, kiti kikilia, yeye alisikia na kukata, hata wateja wakamwita Masikio. Kompyuta yake aliiunda mumewe kwa mikono yake, kipande kwa kipande. Tangu hapo mtaa ukamwita mume Bingwa, naye akaamini.

Mara sauti ikakwaruza. Kioo kikawa cheusi.

"Imezima tena," alisema Masikio.

Bingwa aliweka kikombe chini, akaja, akalizaba kasha la kompyuta kofi la ubavuni. Ikawaka.

"Umeona? Mashine ni kama mtu. Ukiibembeleza inakupanda kichwani."

Balaa lilianzia hapo, kwa sababu kofi lilifanya kazi. Lingeshindwa siku ile, pengine nisingekuwa na la kusimulia.

Kila ikizima, kofi. Kofi lilipozoeleka, ngumi. Ngumi ilipozoeleka, teke. Kila mara iliwaka, na kila mara ilizima mapema zaidi.

"Mume wangu, tuifungue," Masikio alimwambia asubuhi moja. "Pengine kuna kitu kimelegea."

"Niliyeiunda ni mimi. Unataka kusema nililegeza?"

"Sijasema hivyo."

Bingwa alichomoa kibodi akaibamiza ukutani, vibonye vikatawanyika kama meno. Masikio alipoinama kuviokota, Bingwa alimkwida, akamzaba kofi la sikio la kushoto lililomtupa mezani. Damu ikamtoka mdomoni. Akamwongeza jingine palepale.

"Sasa nyumba imenyooka," alisema, akaenda kazini.

Majirani mlisikia. Mkaongeza sauti ya redio.

Masikio alinawa damu, akafungua kasha mwenyewe. Vijiti vya memori vilikuwa vimechomoka nusu, vimelegezwa zaidi na yale mateke. Akavikandamiza kwa vidole gumba mpaka vikalia tak, akawasha. Kutwa nzima haikuzima.

Lakini mkwaruzo ulibaki, upande wa kushoto. Akabadilisha waya. Akabadilisha tundu. Mwisho akazigeuza hedifoni, ya kushoto akaivaa kulia. Kama kifaa ndicho kibovu, kelele ingehamia kulia.

Haikuhama. Akazivua, kelele ikaendelea.

Kisha akampigia simu dada yake, muuguzi. "Dada, njoo unichukue. Kompyuta ni nzima. Kibovu ni sikio langu."

Bingwa ndiye aliyetangulia kufika. Alisimama kushoto kwa mkewe, akaona kioo kinawaka. "Umeona dawa yangu?"

Masikio hakujibu, maana hakusikia. Bingwa akadhani ni jeuri. Akamshika nywele, akampigiza uso kwenye kona ya kasha, mara ya kwanza, mara ya pili, pua ikapasuka. Dada alipoingia, alimkuta amemkanyaga mkewe shingoni.

Dada alinyanyua kiti cha chuma akamshushia Bingwa begani, mfupa ukalia.

"Toa mguu, shemeji," alisema. "Au nikishushe tena."

Polisi, walioitwa na dada, walimkuta Bingwa amekaa sakafuni kati ya vibonye, ameshika bega, anasema mkewe ni mkaidi. Yuko gerezani. Sikio la kushoto halikupona. Mfupa mdogo wa ndani ulivunjika. Masikio anaishi kwa dada yake. Kompyuta anayo, haijazima tena hata siku moja, ila kazi ya sauti inataka masikio mawili, na wateja wamekwenda kwingine.

FUNZO

Kofi halitengenezi kitu. Linaficha ubovu mmoja na kuleta mwingine. Ukiwa baba, jambo likakushinda, sema limekushinda. Hakuna aliyekufa kwa kusema hivyo. Mama, ukipigwa mara ya kwanza, usingoje kujua kama kuna ya pili. Nenda hospitali, kisha polisi, siku hiyohiyo. Na wewe jirani, punguza redio, ukagonge ule mlango.