Ukingo Nyuma ya Mlango

Jumatatu asubuhi, huko Katuba, Faustin alikutwa amekufa katika chumba kilichonuka rangi mbichi. Kichwa kilikuwa kimepasuka, sakafu imejaa damu, lakini kuta zilikuwa safi.

Mchana huohuo polisi walimkamata Asani, mpaka rangi aliyekuwa akikipaka chumba hicho. Laurentine, mjane wa Faustin, ndiye aliyemtaja.

"Nilimusikia na masikio yangu! Jumamosi alisema kwa telefone: 'Kesho nitakata kwa Faustin!'"

Inspekta Claudine Mukuka alijua kwamba Asani akishapelekwa gerezani, kesi yake ingesahaulika. Akamfuata mahabusu.

"Ulitaka kukata nini, Asani?"

"Ukingo, Mama Inspekta. Pale rangi ya ukuta inakutana na ubao ya chini. Siye bapentre tunasema kukata."

"Na skochi, ile utepe ya kubandika kando ya ubao?"

"Skochi iko ya bale mikono inatetemeka. Miye ni pinso tu, burashi yangu."

Claudine akarudi chumbani. Kuta tatu zilikuwa na ukingo laini, unaopinda kidogo kama unywele. Nyuma ya mlango ukingo ulinyooka kama rula, lakini ulichanika vimeno vimeno: mtu alibandika skochi, akaibandua rangi ikiwa imekauka. Claudine alipokwangua rangi ya hapo, damu ikaonekana chini yake. Kwenye kona kulibaki kipande cha skochi pana ya kahawia. Akakinusa. Samaki mkavu.

Uani, Hénoc, mdogo wa Faustin, alikuwa akifunga makartoni ya samaki wa Pweto.

"Papa Hénoc, nani alikufundisha kupaka rangi?"

"Miye? Miye niko muntu ya samaki, mama."

"Ndiyo. Hata ukuta iko inanuka."

Akambandikia kile kipande juu ya kartoni, kando ya skochi yake. Ilikuwa ileile. Laurentine alisimama mlangoni, akitazama.

Hénoc akakaa chini. "Ile chumba baba alinipatia miye. Yaya Faustin alitaka kuingiza balokatere, bapangaji ya kulipa. Nikamuuliza, miye nitalala wapi? Akacheka. Nikakamata nyundo."

"Ukaacha Asani afungwe?"

"Shemeji alikuwa amekwisha kumutaja. Nilinyamaza tu."

Laurentine akajifunika uso kwa kitenge.

Claudine alipofika na amri ya kumwachilia, Asani alikuwa ameshahojiwa tena. Polisi wenzake Claudine walitaka akiri. Walikuwa wamemvunja vidole vya mkono wa kulia.

"Muuaji tumemupata," Claudine alisema.

Asani aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa kuhusu mvua ya mji mwingine. Nje, shati lake lilikuwa wazi. Alijaribu kulifunga, akashindwa. Mkewe Rabia akasogea, akamfunga vifungo kimoja kimoja, barabarani, mbele ya watu.