Besi Iliyolia kwa Fundi Mogire

Jioni ile mama alinituma sokoni Magunga nipeleke gitaa la marehemu Caleb kwa fundi. Nilinung'unika njia nzima. Lenyewe lilikuwa besi ya zamani, rangi imebanduka, shingo imelika kwa vidole, na halikuwa limetoa sauti kwenye spika tangu litoke ziwani.

"Likitengenezwa nitamsikia vizuri," mama alisema. "Harakisha, nyara."

Nyara, yaani binti yangu kwa Kijaluo. Nilimtii kwa sababu nilimwogopea. Kila giza likianza kuingia alidai anasikia besi ikilia, akatoka kuifuata ziwani. Juzi yake nilimkuta maji yamemfika kifuani. Mama hajui kuogelea.

Caleb alikuwa ndugu yangu wa pekee. Boti ilipinduka akitoka kupiga muziki wa benga kwenye matanga kisiwani. Ziwa lilirudisha gitaa, limefungwa ndani ya nailoni. Yeye halikumrudisha. Basi tukafanya wafanyavyo watu wetu: tukasimama ufuoni tukamwita, kisha tukazika tunda la yago, yaani mwegea, badala ya mwili.

Mogire, fundi wa redio, alikuwa karibu kufunga. Alifungua mfuniko wa gitaa. Maji yakamwagika mezani, yakinuka omena.

"Hii kitu imetoka kwa maji leo?"

"Mwaka jana."

Akachokonoa ndani kwa bisibisi.

"Koili imekatika, naweza kuisuka. Shida si hiyo." Akashusha sauti. "Dada Roseline, nani anaicheza?"

"Hakuna."

"Angalia huu uzi."

Nyuzi tatu zilikuwa zimeliwa na kutu. Wa nne uling'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa jivu. Nilitaka kumcheka, maana mafundi hawakosi visa. Kisha…

Duu.

Gitaa halikuwa limeunganishwa na kitu. Waya wa spika ulining'inia msumarini.

Duu… duu…

Mogire alirudi nyuma mpaka ukutani. "Nitengeneze ama nisitengeneze?" akanong'ona.

Nilisikiliza. Haikuwa benga. Kilikuwa kilio, kama cha mtoto mchanga. Hapo nikakumbuka. Caleb alipozaliwa alilia bila kukoma, hadi bibi akaanza kutaja majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine. Alipotaja Obunga, mtoto akanyamaza. Hilo ndilo lililokuwa jina lake. Lakini siku ile ufuoni mama, mtu wa kanisa, alikataa katakata litajwe. "Mwiteni kwa jina la ubatizo!" Tukaita Caleb, Caleb, hadi makoo yakakauka. Tukazika tunda tupu.

Maskini ndugu yangu. Hakuna aliyemwita.

Nikainama mezani.

"Obunga… Obunga, njoo nyumbani."

Uzi ukakatika.

Kimya.

Nililia pale pale mbele ya Mogire, na sikuona haya. "Usitengeneze," nikamwambia. "Acha apumzike."

Nyumbani nilimkuta mama kizingitini, macho yamevimba.

"Amenyamaza," alisema. "Nimesikia akinyamaza."

Nikamweleza yote. Nilidhani atashukuru. Akanitazama kama mgeni.

"Nani alikutuma umnyamazishe?"

Kwa majuma kadhaa hakwenda ziwani. Gitaa tulilitundika sebuleni, nyuzi zote nimezitoa, nami nikaanza kupata usingizi. Kumbe uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Jioni moja nilimkuta amepiga magoti mbele ya gitaa, ananong'ona.

"Caleb… Caleb… Caleb…"

Anajua fika kwamba siyo jina lenyewe. Ndiyo maana analiita. Anataka mtoto wake alie tena, amsikie.

Nimemsihi, hasikii. Nimetaka kulichoma gitaa, amelikumbatia kama kichanga. Jana nilikuwa jikoni nikisonga ugali, sauti yake ikakatika ghafla.

Duu.

Gitaa lisilo na uzi hata mmoja.

Nilikimbia. Mlango wa nje ulikuwa wazi. Nilimkuta ziwani, maji magotini, anatabasamu, na nilipomvuta mkono kulikuwa na kitu kikimvuta upande wa pili. Nilipiga kelele, "Obunga! Obunga!"

Besi haikunyamaza.

Nilimburuta hadi nyumbani. Leo nimeufunga mlango kwa kufuli na ufunguo nimeufunga kwenye leso yangu. Nje kunaanza kuwa giza. Mama ameshapiga magoti, na ameanza kuita.