Kofia ya Nicasio

Asubuhi hiyo Domitila alikuwa uani akimenya viazi, jua la mlimani likimchoma kisogoni. Mumewe, Eleuterio, alikuwa amepeleka alpaka, wale wanyama wao wa sufu, kule ziwani. Huyo Eleuterio, jamani, alikuwa mtu wa kuota mchana kweupe! Akikaa tu, mikono inasuka vipete vya nyasi, macho yanahama.

"Domitila, mumeo yupo hapa, akili imeshavuka mlima," majirani walimtania.

"Mwacheni! Ni wangu, na ndoto zake ni zangu."

Alimpenda mno. Yeye ndiye aliyemkumbusha mumewe kula, ndiye aliyemkataza kukaa karibu na maji, kwa sababu ziwa lile huchukua roho ya mtu aliyezubaa. Nicasio, kaka yake Eleuterio, lilimchukua mzima mzima, mwili na roho.

Mchana alpaka wakarudi peke yao. Majirani walimkuta Eleuterio juu ya jiwe, macho wazi, hajui hata jina lake. Wakambeba hadi kitandani.

Domitila hakulia. Kila mtu kule anajua la kufanya: unachukua nguo ya mgonjwa, unaiburuta kutoka pale roho iliponaswa hadi nyumbani, unaita, na hugeuki nyuma. Roho hufuata nguo yake. Akachomoa kofia ya sufu msumarini, akatoka mbio hadi ziwani, akaanza kuiburuta.

"Eleuterio, twende nyumbani. Usibaki huku, mume wangu. Twende."

Nyuma yake, maji yakachapa. Kisha hatua. Hatua za mtu aliyelowa. Hakugeuka. Alitembea huku machozi ya furaha yakimtiririka.

Nyumbani akamvika mgonjwa kofia. Eleuterio akapepesa macho. Akaketi, akala viazi vyote, akatazama paa lililokuwa linavuja tangu mwaka jana.

"Kesho nitaliziba," alisema. "Ahsante, shemeji."

"Acha utani wako, bwana."

Hakucheka. Domitila akaikunja kofia ukingoni. Mama mkwe aliwafumia wanawe kofia mbili, rangi zilezile, ila ya Nicasio aliitia uzi mwekundu kwa ndani. Uzi ulikuwepo. Ya Eleuterio ilikuwa bado inaning'inia msumarini.

"Mume wangu yuko wapi?" alinong'ona.

"Alikuwa anakuja. Mimi nilitangulia."

"Nicasio, nakuomba. Mpishe."

Mtu yule akajikunyata, meno yakigongana. Akaanza kulia kama mtoto.

"Kule kuna baridi, shemeji."

Paa halivuji tena. Alpaka hawapotei. Majirani wanamsifu mumewe kwamba hatimaye amekuwa mtu, na Domitila anaingia ndani asije akawatukana.

Kila siku anapanda ziwani na kofia iliyo sahihi. Anaiburuta, anaita. Hatua zinamfuata, polepole, zikisimamasimama njiani kama za mtu anayetazama mawingu. Mlangoni zinakoma. Ndani, mahali pake pamejaa.

"Nisamehe," anasema, bila kugeuka.

Akija kufagia, anakuta kizingitini kipete cha nyasi, kibichi, kinachotona maji. Kila kimoja kinamwenea kidoleni.