Mayungiyungi ya Chini ya Dirisha

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Kimya alichota ndoo ya maji na kumwagilia mayungiyungi mekundu yaliyoota chini ya dirisha la mama yake. Jina la Kimya alipewa nyumbani kwa sababu maneno yake yalikuwa ya kuhesabu. Mama alifariki mwaka juzi. Siku zake za mwisho alimwomba binti yake jambo moja tu, ayatunze maua yake.

Mwaka huu maua hayakuchanua. Majani yalikuwa tele, yamesongamana kama nywele zisizochanwa, lakini ua hata moja halikutokea. Kimya akaongeza maji, akaongeza na mbolea, wapi! Aliogopa kwamba ameivunja ahadi, na hofu hiyo hakumwambia mtu, hata baba yake.

Aliyegundua tatizo ni mama mkubwa, dada wa marehemu, fundi cherehani wa mtaa wa pili. Alifukua kidogo kwa vidole, akamwonyesha mizizi minene kama vitunguu, imebanana hadi mingine imesukumwa juu ya udongo. Alieleza kwamba maua hayo yakikaa miaka mingi bila kugawanywa hunyang'anyana chakula, na dawa yake ni kuyang'oa, kuyatenganisha na kuyapanda upya kwa nafasi. Jumamosi hiyo wakafanya nusu ya tuta pamoja. Kila kitunguu cha ua kilipandwa umbali wa shubiri moja kutoka kwa mwenzake, shingo yake ikichungulia nje. Nusu iliyobaki, Kimya angeimaliza kesho yake.

Kesho yake alishika jembe, akasimama. Vitunguu vile mama alivishindilia kwa mikono yake mwenyewe. Kuving'oa aliona ni kama kumtoa mama nyumbani mara ya pili. Basi akapunguza majani, akakwaruza udongo juu juu mpaka ukaonekana mpya, akanawa mikono. Jioni mama mkubwa alipopita kuuliza, Kimya alijibu kwamba amemaliza yote. Akasifiwa, na sifa ile ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Miezi ikapita, mvua zikanyesha. Nusu ya tuta ikachanua, nyekundu tupu. Nusu ya pili majani yalikuwa ya manjano, na udongo wake ulinuka uozo. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa na urefu wa nusu tuta tu.

Angeweza kusingizia wadudu. Badala yake alipiga moyo konde, akaenda mtaa wa pili, akasimama mlangoni mpaka cherehani ikanyamaza.

"Mama mkubwa, ile nusu sikuing'oa. Nilikudanganya. Niliogopa kugusa vitunguu alivyopanda mama, na sasa vinaoza."

Mama mkubwa hakumgombeza. Aliweka mkasi chini, akavaa viatu, wakaongozana. Walichimba nusu ile yote. Vitunguu vingi vilikuwa vimeoza. Vilivyobaki vigumu na vizima vilikuwa sita.

"Unajua mama yako aliyapata wapi maua haya?" mama mkubwa aliuliza. "Kwangu. Alipoolewa nilimgawia vitunguu vitatu, nikavifunga kwenye kipande cha kitambaa. Mimi nami niligawiwa na mama yetu. Kila baada ya miaka mitatu mama yako aliving'oa, akavitenganisha, vingine akawapa majirani. Aliacha aliposhindwa kuinama."

Hapo Kimya akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mama mkubwa alimwacha alie mpaka akatosheka.

"Mama yako alikuachia maua pamoja na kazi yake, mwanangu. Ukishika kimoja ukaacha cha pili, vyote vinakupotea. Na ukiogopa jambo, sema. Ungeniambia siku ile, tungeogopa wawili, na kazi ingefanyika."

Walipanda vinne. Viwili Kimya alivifunga kwenye kipande cha kitambaa, akavitia katika mkoba wa shule. Asubuhi alimpa jirani yake wa dawati, akamweleza kwa kirefu, mpaka mwenzake akashangaa: shubiri moja kati ya kitunguu na kitunguu, shingo nje, na baada ya miaka mitatu uving'oe na kuvigawa, hata kama utaona uchungu.