Uzi Uliobaki Palepale

Nina miaka thelathini na sita, na naishi peke yangu katika chumba cha kupanga mjini Migori. Wenzangu kazini huniuliza mbona sijaoa. Huwa nacheka tu... Leo nitawaambia ninyi wasomaji, kwa sababu hamnijui sura.

Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini nilifanya kazi katika maabara ya hospitali ndogo upande wa Rangwe. Akoth, msichana wa kisiwa cha Mfangano, ndiye aliyekuwa akitengeneza slaidi za damu. Tulipendana. Nilikuwa najiandaa kupeleka ayie, ile pesa ya kuomba ridhaa, kwa mama yake, ili nyumba yao ikubali rasmi nimwoe.

Kisha wageni wakatuletea kamera ya kufungwa juu ya darubini, pamoja na televisheni ndogo isiyo ya rangi. Damu ya mgonjwa ikawa inaonekana kwenye TV, na hakuna aliyeinama tena kuchungulia! Daktari mkuu alinikabidhi kamera mimi na kunionya kwamba ikiharibika, kazi sina.

Akoth alinifumia kitambaa cha uzi wa buluu, kama vile vya kufunikia redio nyumbani. Kifuniko cha mdomo wa kamera kilinipotea wiki ya pili, nami sikumwambia mtu. Kila Ijumaa niliifungua kamera kutoka kwenye darubini, nikaziba mdomo wake kwa kile kitambaa, nikaifungia kabatini.

Baada ya muda kitu chembamba, cheusi, kilichojipinda, kikaanza kuonekana katika kila picha. Ungedhani ni mnyoo. Nusura daktari amtibu mama mmoja wa Asumbi ugonjwa ambao hakuwa nao. Alikuja maabara amefura kwa hasira, akitaka kujua uchafu ule ni wa nani.

Nilisogeza slaidi mbele yake. Chembe za damu zikasogea... uzi ukabaki palepale.

Wasomaji, hapo nilijua. Uchafu ungekuwa kwenye slaidi, ungesogea pamoja nayo. Nilijua, na nikanyamaza. Kwa nini? Niliogopa kupoteza kazi, basi.

Akoth naye alikuwa ameona. Alizungumza polepole, kwa heshima.

“Jared, wacha TV, inama uangalie na macho. Halafu zungusha hiyo kamera. Kama hiyo uzi itazunguka nayo, basi slaidi yangu haina makosa.”

Nilimjibu kwamba kamera haishikwi na kila mtu. Kisha nikamgeukia daktari nikamwambia kwamba Akoth huosha slaidi haraka haraka. Niliyatamka hayo kwa kinywa changu, na Akoth yuko hapo! Daktari aliniamini, akamfukuza Akoth kazini. Akoth alivua koti lake jeupe, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya stuli. Hakunitazama.

Nilijidanganya kwamba mambo yakitulia nitamfuata. Lakini sasa slaidi nilizitengeneza mimi mwenyewe, na uzi bado ulikuwepo. Nilikula peke yangu, nikafunga maabara peke yangu, na kila asubuhi ule uzi ulinisubiri kwenye TV.

Miezi ilipita, akaletwa fundi kutoka Kisumu. Hakuuliza mengi. Aliizungusha kamera taratibu na uzi ukazunguka nayo. Akaifungua, akaunasa kwa koleo ndogo, akauweka juu ya karatasi nyeupe. Ulikuwa wa buluu.

Sikufukuzwa. Daktari alichukua tu ufunguo wa kabati akampa mtu mwingine, na toka siku hiyo akawa hanisalimii.

Nilivuka kwenda Mfangano. Mama yake Akoth alinipa ugali na samaki, akatuacha. Akoth alikuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani. Nilimweleza yote: kifuniko, kitambaa, hata ile siku niliposogeza slaidi nikanyamaza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hivyo umevuka maji yote hii,” akasema, “kuja kuniambia kitu nilikuambia.”

Akarudi kwa omena zake. Mwaka uliofuata nilisikia ameolewa.

Ndugu zangu, nawasihi msipite nilikopita. Kosa likiwa lako, liseme siku hiyo hiyo, yule unayemponza akiwa bado amesimama mbele yako. Mimi nilisema ukweli wote, lakini niliusema wakati haukumfaa mtu tena.

Kile kitambaa ninacho hadi leo. Kimekunjwa ndani ya sanduku, na sifuniki nacho chochote.