Aliyelitaka Sanamu

Jioni ile Profesa alikwenda kupiga picha. Basi. Si kuiba, si kuroga. Kupiga picha tu.

Mtaa mzima ulimwita Profesa, na wala si kwa heshima. Ukitoka chuo kikuu na digrii ya kompyuta, halafu ukakaa nyumbani unapokea barua za kunyimwa kazi, we regret to inform you, kama watu wengine wanavyopokea salamu za asubuhi, mtaa lazima ukupe cheo. Serikali haikumpa, kampuni hazikumpa, mtaa ukampa. Alikula kwa kuuza vitu chakavu vya watu kwenye mnada wa mtandaoni. Kabati la marehemu, redio isiyosema, kiti cha miguu mitatu. Yeye anapiga picha, anaandika maneno matamu, watu wanapandishiana bei.

Sasa bibi mmoja alikuwa amempigia simu. Ana kitu cha kuuza. Ghorofa ya juu kabisa, mlango wa mwisho.

Taa ya ngazi ilikuwa imekufa. Profesa alipanda akipapasa ukuta, na kabla hajafika juu, harufu ikampokea.

Mafuta ya cherehani.

Harufu hiyo aliijua. Alilelewa ndani yake. Mama yake alikuwa fundi wa nguo.

"Hodi."

"Mlango uko wazi. Hivi wewe ulichelewa kuzaliwa, au umechelewa kuja tu?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Usiwashe taa. Halipendi."

"Nini hakipendi?"

Bibi alinyoosha kidole kwenye kona.

Kwenye kona palisimama sanamu la kushonea, lile ambalo mafundi hulivalisha nguo ili waone inavyokaa. Kiwiliwili kitupu. Halina kichwa, halina mikono, limesimama juu ya mguu mmoja wa mbao. Lilikuwa pana, kifua kimejaa, kama mama mwenye nyumba wakati wa kudai kodi. Profesa aliligusa ili aligeuzie dirishani.

Akarudisha mkono haraka.

Lilikuwa na joto. Joto la kiti alichoinuka mtu sasa hivi.

"Bibi, kwa nini usimpe fundi yeyote tu? Mnada una usumbufu."

"Haligawiwi," bibi alinong'ona. "Halitupwi. Sharti linunuliwe, na yule anayelitaka. Likishampata anayelitaka, linachukua vipimo vyake. Halafu anashonewa."

"Anashonewa nini?"

"Nguo. Ikiisha, anaivaa."

"Anaivaa wapi?"

Bibi alicheka. Mabega yalitikisika, sauti haikutoka. "Wewe si msomi? Nguo ya mwisho mtu huivaa wapi?"

Mtu mwenye akili zake angeshuka ngazi mbili mbili. Profesa alisimama palepale gizani, na taratibu, uso wake ukaanza kutabasamu.

Kuna mtu alimjia akilini.

Mtu huyo alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake. Shemeji ana duka la vitu vya kale, na duka lile lilinenepa kwa jasho la Profesa. Profesa ndiye aliyemtengenezea programu ya kununulia minadani. Iko hivi: kwenye mnada wa mtandaoni watu hupandishiana bei kutwa nzima, huyu anaongeza, yule anaongeza. Programu ya Profesa haiongezi. Inajibanza kimya kama paka juu ya kabati. Inangoja. Sekunde ya mwisho kabisa inaruka na bei iliyozidi kidogo tu, mnada unafungwa, wengine wanabaki midomo wazi. Wala mwenyewe si lazima awepo. Unaifundisha maneno ya kuwinda, nayo inawinda. Shemeji aliahidi kwamba programu ikikamilika, Profesa angepata ajira ya kudumu. Ilipokamilika alimpa soda. Ya baridi, lakini soda.

Hilo Profesa angeweza kulimeza. Wasomi wa nchi hii wamemeza makubwa zaidi.

Lakini baadaye mwenye jengo akamfungia mama kibanda chake cha kushonea kwa deni la kodi, akaipeleka cherehani yake kwenye mnada wa mtandaoni. Profesa na dada yake walipandisha bei kwa adabu toka asubuhi. Mpaka jioni walikuwa wanaongoza. Mama amekaa kando yao, mikono mapajani, anasubiri chombo chake kirudi.

Sekunde ya mwisho, paka akaruka.

Programu yake mwenyewe. Risasi aliyoichonga kwa mkono wake.

"Business is business, shemeji," alisema yule bwana. "Mashine haimjui mama mkwe." Na alipobembelezwa airudishe, alikuwa ameshaiuza kwenye hoteli moja. Wakaitupa cherehani, wakabakiza miguu ya chuma, wakaifanya meza ya kuwekea maua.

Mama hakulia. Alijilaza. Ila miguu yake, chini ya shuka, ikaanza kukanyaga. Kisigino, kidole. Kisigino, kidole. Kama vile cherehani bado ipo. Kabla hajanyamaza kabisa aliuliza swali moja tu.

"Hiyo programu aliitengeneza nani?"

"Shemeji ndiye aliyeitumia, mama," Profesa alisema.

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Hilo silo alilouliza. Kisha akageukia ukutani, miguu ikaendelea mpaka asubuhi, ikaacha pamoja na pumzi.

Basi Profesa alipiga picha zake kwa bibi, akaenda kuandika tangazo. Hakuandika ovyo. Alichagua yale maneno ambayo yeye mwenyewe aliifundisha programu kuyawinda: ushonaji, kale, kazi ya mkono. Chambo kwa samaki aliyemfuga mwenyewe. Akapanga mnada ufungwe jioni, saa ambazo shemeji yupo nyumbani. Akaenda huko mapema. Alitaka kuona kwa macho yake.

Shemeji alikuwa na fulana, miguu juu ya meza, tumbo limepumzika mapajani kama mgeni wa heshima.

"Aaa, Profesa! Karibu, karibu. Leo umekuja na kazi au umekuja na njaa?"

"Nimekuja kumsalimia dada."

"Njaa hiyo," shemeji alisema. "Mke wangu, ongeza sahani!"

Dada akachungulia kutoka jikoni. "Mwache mdogo wangu, wewe. Angalau yeye akisoma kitu anakielewa. Wewe hata risiti husomi."

"Nisome ili iweje? Waliosoma si ndio hawa?"

Profesa alicheka kwa adabu. Macho yake yalikuwa kwenye simu ya shemeji, pale mezani.

Nje jua likazama. Chumba kikapoa. Harufu nyembamba ya mafuta ya cherehani ikapita kati yao, kama mtu aliyepita bila kusalimia...

Ting!

Shemeji akaitupia simu jicho moja. "Nimeshinda kitu."

"Kitu gani?"

"Nitajuaje? Hiyo ndiyo raha ya mashine yako, shemeji. Mimi nakaa na tumbo langu, yenyewe inataka kwa niaba yangu." Akajinyoosha, akapiga mwayo. "Mimi sijataka chochote. Mashine ndiyo imetaka."

Profesa alicheka naye. Alicheka mpaka mlangoni, akacheka njiani peke yake kama kichaa. Kisha akasimama.

Mashine ndiyo imetaka.

Na mashine, nani aliifundisha kutaka?

Alijiambia asiwe mjinga. Shemeji ndiye mwenye akaunti, shemeji ndiye mnunuzi, hata hakimu mlevi angeliona hilo. Akasubiri. Sanamu lilipokwisha kupelekwa dukani alijipa siku kadhaa, kama mtu anayengoja maembe yaive, halafu jioni moja akaenda kumwangalia shemeji anavyonyauka.

Shemeji alikuwa anang'aa kama sufuria mpya.

"Bora umekuja! Njoo nyuma uone kituko." Akamshika mkono, akampitisha kati ya makabati. "Kuna sanamu nimenunua. Lilikuja pana, lina kifua chake, nikasema hili litapata mteja. Sasa limekonda! Kila nikifunga duka linakonda. Na usinichukie, shemeji, lakini... linafanana na wewe. Mbavu zile zile za njaa ya digrii!"

Akaangua kicheko. Profesa hakucheka.

Sanamu lilisimama kwenye kona, kifua kimebonyea. Juu yake palikuwa na koti jeusi. Halijaisha. Mkono wa kulia upo, wa kushoto bado.

"Koti kashona nani?"

"Mimi nilidhani ni dada yako. Dada yako anadhani ni mimi. Mimi? Hata kifungo sijui kushona."

Akarudi mbele kumhudumia mteja. Profesa alibaki peke yake na lile koti.

Bega la kushoto lilikuwa limeshuka.

Alipokuwa mdogo Profesa alianguka kutoka meza ya kukatia vitambaa, bega la kushoto likaunga vibaya. Hakuna aliyewahi kuliona, kwa sababu mama alimshonea kijimto cha pamba ndani ya kila shati na kila koti, palepale begani, ili asimame sawa mbele ya watu. Ilikuwa siri ya wawili.

Alipeleka mkono polepole ndani ya koti. Akapapasa begani.

Kijimto kilikuwepo.

Akainama karibu zaidi. Mama hakuwahi kukata uzi kwa mkasi. Mkasi ni wa kitambaa, alikuwa akisema, uzi dawa yake meno. Profesa alishika ncha ya uzi palipoishia mshono, akaisugua kati ya vidole.

Ilikuwa imetafunwa.

Na ilikuwa bado imelowa mate.

Alitoka kwa mlango wa nyuma. Uchochoroni akampigia bibi.

"Bibi, kuna makosa. Aliyenunua ni shemeji yangu. Jina lake. Akaunti yake. Kalipa yeye!"

"Mimi sikuuliza nani kalipa."

Nyuma ya sauti yake, mbali, kitu kilikuwa kinakwenda. Tak-tak-tak-tak. Kikasimama. Tak-tak-tak-tak.

"Nani kalitaka?" bibi aliuliza.

"Bibi... nani anashona hapo?"

"Fundi mpya." Sauti ilikuwa karibu sana, kama imo ndani ya sikio. "Hodari. Hazungumzi. Miguu tu."

Simu ikakatika.

Mwingine angepiga magoti, angeomba msamaha hata kwa ukuta. Profesa alikwenda chumbani, kwenye kile kile chumba alichofia mama, akafungua laptop. Hofu ilikuwepo, ndiyo. Lakini hasira ilikuwa imetangulia kufika, imekaa kiti cha mbele. Kwa hiyo yeye avae koti, na yule wa soda aendelee kukoroma? Yeye azikwe, na shemeji aje msibani kula ubwabwa na kusema alikuwa kijana mwenye akili? Never. Kama ni kwenda, wanaenda wote.

Aliandika utasema amepandwa na kitu. Toleo jipya la programu. Shemeji akiifungua kesho, kitu cha kwanza kitakuwa masharti, marefu kama hotuba ya mgeni rasmi, herufi za kupofusha sisimizi. Na katikati, pale ambapo hakuna binadamu amewahi kufika kwa kusoma, Profesa alipachika sentensi moja:

Vyote ambavyo programu hii imeninunulia, nilivitaka mimi mwenyewe kwa moyo wangu wote.

Chini kabisa, kitufe kimoja. Nimekubali.

Akaituma kwenye simu ya shemeji.

Kesho yake ilipita kama mgonjwa anayetembea. Jioni, kompyuta ikalia. Ujumbe kutoka kwenye programu. Shemeji amefungua. Shemeji hakusoma.

Shemeji amekubali.

Profesa aliegemea kiti, akapumua mpaka mwisho wa mapafu. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alisikia njaa ya kweli. Alikata mkate, akala kwa mikono miwili, akijichekea.

Simu ikaita. Dada. Alikuwa ananong'ona.

"Mdogo wangu... lile sanamu."

"Limefanyaje?"

"Linanenepa. Nimesimama hapa dukani naliona. Limeota tumbo, tumbo la shemeji yako kabisa. Koti limefumuka ubavuni, na... linaongezwa kitambaa. Hakuna mtu, mdogo wangu. Kitambaa kinaingia chenyewe."

"Shemeji yuko wapi?"

"Amelala kwenye kochi la wateja. Anasema mwili unambana. Anasema kama kuna mtu anamzungushia futi ya fundi kifuani."

"Pole, dada," Profesa alisema, meno yote nje. "Pole sana. Mungu atasaidia."

"Lakini mdogo wangu..."

"Sema."

"Bega la kushoto bado limeshuka."

Profesa akauweka mkate mezani.

"Na koti," dada alisema, sasa analia, "koti lina shingo mbili."

Chumba kilikuwa kimejaa harufu ya mafuta ya cherehani, nzito, kama mtu amemwaga chupa nzima. Kisha akasikia sauti, hapo hapo, chini ya meza. Kisigino, kidole. Kisigino, kidole.

Akainamisha kichwa, akatazama.

Ilikuwa miguu yake mwenyewe. Inakanyaga.